Prosesa na bodi ya kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: AM4, LGA1700 au AM5?

Mwenye bajeti ndogo huanza kwa kuuliza, "Prosesa gani nzuri?" Swali hilo halijibiki likiachwa hivyo, kwa sababu prosesa hainunuliwi peke yake. Ukichagua prosesa umechagua soketi, yaani kikalio inamokaa. Ukichagua soketi umechagua ubao mama (ndio bodi), na ubao mama ndio unaoamua utanunua RAM ya aina gani, kadi ya grafiki itapata njia pana kiasi gani, na kama baada ya miaka mitatu utabadilisha kifaa kimoja au utang'oa vyote uanze upya. Kwa hiyo ninalinganisha jozi: prosesa pamoja na bodi yake.

Jozi ninazoziona zinafaa kwa mtu anayebana matumizi ni tatu. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600 ya AMD juu ya bodi ya B550. Ya pili ni Core i5-12400F ya Intel juu ya B660 au B760 inayotumia RAM ya DDR4 (DDR5 ni kizazi kinachoifuata). Ya tatu, ambayo ndiyo ghali zaidi, ni Ryzen 5 7500F ya AMD juu ya A620 au B650.

| | Ryzen 5 5600 | Core i5-12400F | Ryzen 5 7500F |
|---|---|---|---|
| Soketi | AM4 | LGA1700 | AM5 |
| Ilitoka | 2022 | 2022 | 2023 |
| Viini / nyuzi | 6 / 12 | 6 / 12 | 6 / 12 |
| Kasi ya juu | 4.4 GHz | 4.4 GHz | 5.0 GHz |
| Kashe ya L3 (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) | MB 32 | MB 18 | MB 32 |
| RAM | DDR4 | DDR4 au DDR5, kutegemea bodi | DDR5 tu |
| Grafiki ya ndani | Hakuna | Hakuna | Hakuna |

Ona kwamba zote zina viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja). Anayekuuzia kwa kuhesabu viini peke yake hajakusaidia kitu.

Kadi ya grafiki kwanza

Kabla ya kushindanisha prosesa, tenga fungu la kadi ya grafiki na usiliguse. Ukicheza gemu nzito kwa 1080p, picha zikiwa za ubora wa juu, ukitumia kadi kama RX 6600 au RTX 4060, jozi zote tatu zitakupa fremu (picha kwa sekunde) zinazokaribiana sana. Hapo kadi ndiyo iliyofika mwisho wa uwezo wake, na prosesa inakaa ikiisubiri. Mtu aliyechukua AM5 kisha akabakiwa na pesa ya kadi dhaifu atachezea picha mbovu kuliko mwenye AM4 aliyenunua kadi nzuri.

Tofauti za prosesa huanza kuonekana unapopunguza ubora wa picha ili upate fremu nyingi. Ndivyo wanavyofanya wachezaji wa Counter-Strike 2 na Valorant wenye skrini za hertz 144 au 240. Huko kadi haina kazi kubwa, na prosesa ndiyo inayobeba mzigo. 7500F inaziacha zile mbili nyuma waziwazi, na 5600 na 12400F zinatembea bega kwa bega. Gemu za kujenga miji na za kuiga maisha, zenye maelfu ya vitu vinavyohesabiwa kwa wakati mmoja, nazo huibana prosesa namna hiyohiyo. Basi jiulize kwa ukweli unacheza nini. Kama skrini yako ni ya hertz 60 au 75, sehemu kubwa ya kasi ya 7500F hutaiona leo.

AM4: Ryzen 5 5600 na B550

Soketi ya AM4 imekuwapo tangu 2016, na Ryzen za kwanza zikaingia mwaka 2017. Umri huo ndio faida yake kubwa kwa mwenye bajeti ndogo, maana bodi zake zimejaa sokoni, mpya na za mtumba, na mafundi wameshazijua tabia zake zote.

Hapa ndipo penye mtego ninaotaka uuone vizuri. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5500 zilitoka mwezi mmoja, Aprili 2022. Majina yanakaribiana, viini ni vilevile, na bei zinashawishi uchukue ya chini. Lakini 5500 ina kashe ya L3 ya MB 16, nusu ya ile ya 5600, na inaishia kwenye PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya prosesa na kadi) wakati 5600 inafika 4.0.

Kashe ina uzito kwenye gemu kwa sababu ya namna gemu zinavyofanya kazi. Prosesa inahitaji data ndogondogo kutoka kila upande: adui yuko wapi, risasi imefika wapi, mlango umefungwa au uko wazi. Data ikiwa ndani ya kashe, inapatikana papo hapo. Isipokuwamo, prosesa inakwenda kuichukua kwenye RAM, na ingawa ni sehemu ndogo mno ya sekunde, kwa prosesa huo ni muda mrefu wa kukaa bure. Ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D, iliyopewa kashe ya MB 96, ilizishinda kwenye gemu prosesa zenye kasi kubwa kuliko yake. Kwa hiyo tofauti ya 5500 na 5600 utaiona kwenye skrini, hasa katika zile fremu zinazoanguka ghafla unapoingia kwenye vurugu.

Tofauti ya 5600 na 5600X, kwa upande mwingine, ni megahertz 200 tu. Usilipie X hiyo ila ukiikuta kwa bei ileile.

Sasa PCIe. Kadi nyingi za bei ya chini hazitumii njia zote 16 za nafasi kubwa ya kadi kwenye bodi. RX 6600, RX 7600 na RTX 4060 zinatumia njia 8. Kwenye PCIe 4.0, njia 8 zinapitisha data sawa na njia 16 za PCIe 3.0, kwa hiyo hakuna tatizo. Ukizishusha kwenye PCIe 3.0, upana unapungua nusu. RX 6600 itapoteza kidogo tu, na wengi hawatatambua. Ila RX 6500 XT ina njia 4 pekee na kumbukumbu ya GB 4. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia kinjia hicho chembamba, na fremu zinaporomoka vibaya. Ili upate 4.0 lazima prosesa na bodi zote mbili ziikubali. 5600 juu ya B550 ni sawa. 5600 juu ya A520 au B450 inarudi 3.0, na 5500 inabaki 3.0 hata ukiiweka juu ya bodi ya kifahari.

Kwa hiyo B550 ndiyo chaguo langu hapa. A520 naikubali kwa mtu ambaye pesa imegota kabisa na kadi yake ni ya njia 8 au 16. RAM bado utaiwasha kwa kasi yake kamili, unachokosa ni PCIe 4.0 na uwezo wa kuipandisha prosesa kasi kupita kiwango cha kiwandani, jambo ambalo kwenye 5600 halina tija ya maana. B450 nzuri ya mtumba nayo inafaa, mradi BIOS yake (programu ya ndani ya bodi) iwe imesasishwa hadi toleo linaloitambua Ryzen 5000. Isipokuwa imesasishwa, kompyuta itawaka feni na skrini ibaki nyeusi, nawe utadhani umeuziwa prosesa mbovu.

Kwa mtu ambaye kadi ya grafiki ataipata baadaye, ipo Ryzen 5 5600G yenye grafiki ya ndani. Inaendesha gemu nyepesi kwa mipangilio ya chini. Lakini kashe yake ni MB 16 na PCIe yake ni 3.0, kwa hiyo siku kadi itakapofika utakuwa na kitu kinachofanana na 5500. Ichukue ukiwa na sababu hiyo tu.

LGA1700: Core i5-12400F na B660 au B760

Kwa gemu, 12400F na 5600 ni mapacha. Gemu hii itampendelea huyu, ile impendelee yule, na tofauti haitoshi kukukosesha usingizi. Kati ya hizi mbili acha jumla ya bei iamue: prosesa, bodi, RAM na feni vikiwa pamoja. Usilinganishe bei ya prosesa peke yake, maana mara nyingi 12400F huwa rahisi halafu bodi yake inakula akiba yote.

Bodi ndipo Intel inapotaka macho. H610 ndiyo ya chini kabisa. Ina nafasi mbili tu za RAM, haikuruhusu kuivusha RAM kasi rasmi, na nafasi yake ya SSD ya M.2 (diski ya kasi inayochomekwa kwenye bodi) kwa kawaida ni ya PCIe 3.0. Kwa 12400F yenye vijiti viwili vya DDR4-3200 na SSD moja, inatosha, na nasema hivyo bila kusita. Inaacha kutosha pale unapopanga kuweka i7 siku za mbele. Bodi nyingi za H610 zina sehemu nyembamba ya kulisha prosesa umeme, na prosesa kubwa itajipunguza kasi ili isiunguze kitu. B660 na B760 zinakupa nafasi nne za RAM kwenye bodi nyingi, M.2 ya PCIe 4.0, na umeme ulio imara zaidi.

Bodi za LGA1700 zinakuja kwa DDR4 au DDR5, na jina linaweza kufanana kasoro herufi chache mwishoni. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine, kwa kuwa pengo la katikati ya kijiti limekaa mahali tofauti. Soma jina lote la bodi hadi herufi ya mwisho kabla ya kulipa. Kwa bajeti hii, chukua ya DDR4.

Herufi F kwenye jina la prosesa ina maana haina grafiki ya ndani. Kadi yako ikifa, huna picha hadi upate nyingine. 12400 isiyo na F inayo grafiki hiyo, na tofauti ya bei ikiwa ndogo ningeilipia, hata kwa ajili ya kutafuta tatizo tu siku mambo yakigoma.

Wapo watakaokuelekeza chini kwenye Core i3-12100F, yenye viini 4 na nyuzi 8. Kwa Valorant na gemu za mashindano inajitahidi sana. Kwa gemu mpya za ulimwengu mpana, viini 4 vinaanza kuelemewa, hasa kama una kivinjari na programu ya mazungumzo zimefunguliwa nyuma. Naiona kama daraja la muda: iweke kwenye bodi ya B660, kisha baadaye ununue i5 ya mtumba.

Na wapo watakaokuvuta juu. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilipata tatizo kubwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba voltiji iliyokuwa ikipanda kupita kiasi ilikuwa inaziharibu taratibu, ikatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza miaka 2 ya dhamana kwa modeli zilizohusika. Zilizotajwa zaidi ni i9, i7 na i5 za K kama 13600K na 14600K. Marekebisho huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo i7 ya kizazi hicho ya mtumba, ambayo hujui iliendeshwa miezi mingapi kwa BIOS ya zamani, mimi singeigusa. 12400F ni ya kizazi cha 12 na haimo kwenye tatizo hilo.

LGA1700 imefika mwisho wa safari yake. Oktoba 2024 Intel ilihamia LGA1851, kwa hiyo prosesa bora utakayoweza kuweka kwenye bodi hii imeshatoka. AM4 ni vilevile, ingawa 5800X3D na ndugu yake 5700X3D bado ni ngazi nzuri ya kupandia kwa mchezaji, ukizipata. Zinazidi kuwa adimu.

AM5: Ryzen 5 7500F na A620 au B650

Hii ndiyo jozi ya mtu anayeweza kusubiri akajazia pesa kidogo. AM5 ilianza mwaka 2022, na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Ukinunua 7500F leo kwa ajili ya gemu, unaweza kuitoa baadaye ukaweka prosesa ya X3D (yenye kashe kubwa) juu ya bodi ileile na RAM ileile. Hiyo ndiyo thamani halisi ya AM5 kwa mwenye kipato kidogo, kwa sababu gharama ya bodi na RAM hulipi mara mbili.

Kikwazo ni DDR5. AM5 haikubali DDR4 kabisa, kwa hiyo vijiti ulivyo navyo nyumbani havina kazi hapa. Angalia bei ya RAM siku ile unayonunua, maana hupanda na kushuka sana, na wakati mwingine RAM peke yake ndiyo inayokurudisha AM4. Kasi inayopendeza kwa Ryzen 7000 ni 6000 yenye CL30 (CL ni ucheleweshaji wa RAM; namba ndogo ni bora). Ukikosa, RAM ya kasi ya 5600 haitakuangusha.

A620 ni bodi ya heshima kwa 7500F. Haikuruhusu kuipandisha prosesa kasi, ila RAM unaiwasha kwa kasi yake. Chunga tu ubora wa sehemu ya umeme kama unapanga kuweka prosesa kubwa baadaye, kwa sababu sababu yenyewe ya kuingia AM5 ni hiyo baadaye. Ndiyo maana nikiwa na uwezo naongeza hadi B650 ya kawaida.

Ndani ya AM5 pia kuna majina ya kuchunguza. Ryzen 5 8400F inaonekana mpya kuliko 7500F kwa namba, lakini kashe yake ni MB 16 na inaipa kadi ya grafiki njia 8 tu. Ryzen 5 8500G inatoa njia 4 tu kwa kadi. Kwa kompyuta yenye kadi ya grafiki, zote mbili ziko nyuma ya 7500F. Ryzen 5 7600 ni bora kidogo, ina grafiki ndogo ya ndani na inakuja na feni yake, wakati 7500F mara nyingi huuzwa bila boksi wala feni. Jumlisha feni kwenye hesabu kabla ya kusema ipi ni rahisi.

Na usishtuke ukiiwasha AM5 mara ya kwanza. Bodi huchukua muda kuizoea RAM, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zinazunguka. Watu huzima umeme hapohapo, wakawasha, wakazima tena, na kila mara zoezi linaanza upya. Iache imalize.

Kuisoma bodi kwa macho

Fungua picha kubwa ya bodi na uangalie pembeni mwa soketi. Utaona safu ya vijiboksi vya kijivu, na kando yake vipande vidogo vyeusi vinavyolisha prosesa umeme. Kwenye bodi nzuri vipande hivyo vimefunikwa na bamba la chuma la kupozea joto. Kwenye bodi za chini kabisa viko uchi. Kwa 5600 na 12400F uchi huo unavumilika kama kesi ina hewa ya kutosha. Kwa prosesa ya viini 8 na kuendelea, tafuta yenye bamba.

Kisha hesabu nafasi za RAM. Mbili zinatosha ukianza na vijiti viwili vya GB 8, ila siku ya kuongeza utavitoa vyote. Usianze na kijiti kimoja cha GB 16 ukitegemea kuongeza baadaye, maana kijiti kimoja kinafungua nusu ya njia ya kumbukumbu na gemu zinalipa gharama hiyo kila siku. Bodi ya nafasi nne, vijiti viwili huwekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Baada ya kuwasha, ingia BIOS uiwashe XMP au EXPO (mipangilio ya kasi ya RAM). Usipofanya hivyo, RAM uliyoilipia 3200 inaweza kutembea kwa 2133 na DDR5 yako ikabaki 4800.

Geuza upande wa nyuma, kwenye matundu ya USB. Kitufe kidogo cha kusasisha BIOS kwa flashi bila hata prosesa kuwapo ni kitu ninachokitafuta kuliko taa za rangi. Kinakuokoa pale bodi ni ya zamani kuliko prosesa.

Ukinunua mtumba

Utakutana na seti za Xeon E5 (prosesa za seva za Intel) za kizazi cha zamani juu ya bodi za X79 au X99 zisizo na jina kubwa, na viini vyake ni vingi kweli. Kwa gemu siziungi mkono. Kila kiini ni cha polepole, na zile za v2 (toleo la pili) hazina AVX2 (seti ya amri za hesabu), ambayo baadhi ya gemu mpya zinaidai ili zifunguke. Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya kompyuta), na Battlefield 6 inataka Secure Boot. Jozi zote tatu nilizozilinganisha zinayo hayo yote. Unayawasha kwenye BIOS.

Mahali pini zilipo panatofautiana. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo igeuze juu ya mwanga na utazame kila safu kutoka pembeni; iliyopinda itaonekana haiko kwenye mstari. Pini moja moja iliyopinda kidogo fundi mwenye mkono mtulivu huinyoosha. Kwenye LGA1700 na AM5 pini ziko ndani ya soketi ya bodi, ni nyembamba kama nywele, na zikilala ni kazi ngumu kuziokoa. Mwombe muuzaji picha ya soketi ikiwa wazi, na bodi isiyo na kifuniko chake cha plastiki uitilie shaka.

Ukifika kuichukua AM4, usimwache mtu avute feni ikiwa ya baridi. Grisi iliyokauka huigandisha prosesa kwenye feni, na ikivutwa wima prosesa inang'oka na pini zake huku soketi ikiwa bado imefungwa. Iwashwe kwanza ipate joto, izimwe na waya wa umeme utolewe, kisha feni izungushwe kidogo kushoto na kulia hadi ilegee, ndipo iinuliwe.